Nasi si nazi: uzi wa misosi ya Indonesia kwa anayekwenda mara ya kwanza

Chumvi Kiasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu anakuja PM: "Nimepata safari ya Jakarta, nile nini huko?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, mwingine akiuliza namtupia huu uzi.

Nilisoma Yogyakarta, mji wa kisiwa cha Java, miaka miwili, nikiishi chumba cha kupanga chenye jiko la kuchangia na posho ya kuhesabu. Kwa hiyo habari za hotelini msiniulize. Nilichokijua ni cha warung (kibanda cha mama ntilie wao), cha mkokoteni na cha kukaa kwenye mkeka kando ya barabara.

Tuanze na neno lenyewe. Kwao *nasi* ni wali. Nazi wanaiita *kelapa*, na tui ni *santan*. Mimi mtoto wa Tanga, asubuhi yangu ya pili Jakarta, nikaona kibao kimeandikwa "Nasi Uduk". Nikajisemea, hawa watu saa moja asubuhi wanauza nazi? Nikaagiza ili nione. Ukaja wali wa nazi! Umepikwa na tui na mchaichai, juu umemwagiwa vitunguu vya kukaanga, pembeni vipande vya yai na pilipili ya kusaga. Nikacheka peke yangu kama chizi. Nikaona basi, nimefika nyumbani.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa muda wote niliokaa kule, vyakula vilivyofanana na vyetu ndivyo vilivyoniumbua, na vile vilivyonitisha ndivyo ninavyovikumbuka hadi leo nikiwa na njaa.

Mfano: gudeg. Ndicho chakula cha Yogyakarta, mtaa wa Wijilan wamepangana wauzaji wake. Ukikiona ni kitu cha hudhurungi, nyuzinyuzi, kimelainika, unaapa ni nyama ya ng'ombe iliyochambuka kwenye mchuzi mzito. Nikatia tonge kubwa. Sukari! Kumbe ni fenesi changa, limechemshwa saa nyingi kwenye tui na sukari guru ya minazi, na ile rangi wanaipata kwa majani ya mti wa msaji. Ulimi ukisubiri chumvi ukapata kashata, mwili mzima unashtuka. Nilisukuma sahani. Baada ya miezi mitatu mwenye nyumba wangu akanifundisha: gudeg hailiwi peke yake. Unaila na krecek, ngozi ya ng'ombe iliyopikwa na pilipili kali, na kipande cha kuku wa tui, na yai. Tonge moja lina tamu, kali na chumvi kwa pamoja. Siku hiyo nilimaliza na kuongeza. Kwa hiyo ukifika Yogya (ndivyo wanavyoufupisha mji wao), usihukumu gudeg kwa tonge la kwanza, na usikubali kuuziwa bila krecek.

Chakula cha maskini kama mimi kilikuwa angkringan. Ni mkokoteni wenye taa hafifu na mabenchi, unaanza jioni. Juu yake wamepanga vifurushi vidogo vya *nasi kucing*, maana yake wali wa paka. Tulia, hakuna paka ndani. Ni wali wa ngumi moja, kiasi ambacho ungemmegea paka, na juu yake dagaa wa pilipili. Dagaa hasa, wao wanawaita *teri*. Mtu unakula vifurushi vitatu, vinne, unachukua vijiti vya utumbo au mayai ya kware, unapiga soga hadi usiku wa manane. Karibu na stesheni ya treni ya Tugu kuna wanaouza kahawa inaitwa *kopi joss*: anakumiminia kahawa nyeusi ya sukari, kisha anachukua kaa la moto linalowaka kabisa na kulitumbukiza ndani ya glasi. Josss! Jina limetokana na huo mlio. Ladha, kusema kweli, ni ya kahawa yenye moshi. Lakini utakunywa, na utapiga video.

Sasa pilipili. Sambal ni pilipili ya kusaga kwa jiwe bapa (*cobek*), na kila kisiwa kina yake. Wanapokusagia papo hapo muuzaji anauliza *cabenya berapa*, yaani pilipili ngapi. Mimi wiki ya kwanza, kwa muuza kuku wa kupondwa (*ayam geprek*: kuku wa kukaanga anapigwa na mchi pamoja na pilipili), nilidhani ananiuliza ninunue cha bei gani. Nikanyoosha vidole vitano. Akanitazama usoni, akacheka, akatia tano. Wakuu, zile ni pilipili kichaa. Nililia machozi mbele za watu na kamasi juu. Jifunzeni maneno mawili kabla ya kupanda ndege: *tidak pedas*, yaani isiwe kali. Hata hivyo kwao "isiwe kali" maana yake ni kali kidogo.

Na harufu. Siku moja nilirudi kutoka chuoni nikakuta nyumba nzima inanuka kama kuna panya kafia darini. Nikaanza kusogeza vitanda. Kumbe jikoni wanachoma *terasi*. Wale uduvi wetu, wadogo wale, wanatiwa chumvi, wanachachushwa, wanapondwa na kukaushwa hadi kuwa kipande kama sabuni ya mche. Kikichomwa kinanuka vibaya mno. Kikiingia kwenye sambal harufu inapotea, inabaki ladha ambayo ukiizoea, pilipili isiyo nayo unaiona haijakamilika.

Kuna mengi sijagusa: rendang, bakso, sate, soto. Ulizeni, nipo.

Mla Daku

Nimekaa paleee mbele. Uzi bila picha haunogi lakini huu umeniweka njaa hata hivyo. Mkuu tupe sate. Ni mishikaki tu au kuna uchawi?

Chumvi Kiasi

@Mla Daku sate ni mishikaki kwa jina la ukoo, lakini kila mkoa una mtoto wake. Ya Madura ndiyo utakayoikuta kila mahali: vipande vidogo vya kuku kwenye vijiti vya mianzi, vinachovywa mchuzi wa karanga na *kecap manis*, sosi ya soya nzito yenye sukari nyingi. Ya Padang ni nyama ya ng'ombe au ulimi, imemwagiwa uji wa njano wa unga wa mchele na viungo, hakuna karanga. Ya Bali, *sate lilit*, ni samaki wa kusaga aliyefinyangwa kuzunguka kijiti, mara nyingi bua la mchaichai lenyewe.

Ninayoipenda mimi ni *sate klathak*, iko kusini mwa Yogyakarta, Bantul. Nyama ya mbuzi au kondoo, imetiwa chumvi na si zaidi sana, imechomwa kwenye spoku za baiskeli. Ndiyo, spoku za gurudumu. Chuma kinashika moto, nyama inaiva hadi ndani. Unapewa vijiti viwili tu vinene na kibakuli cha mchuzi mwepesi. Mtu wa nyama choma ukimpeleka huko atashusha pumzi.

Boda wa Kisauni

Salama ndugu zangu. Hapa Mombasa. Mimi swali langu ni moja tu na wengi wataniunga mkono: halali ikoje? Maana nimesikia Bali ni nguruwe mtupu.

Halafu nakumbuka Obama alipokuwa rais alienda huko 2010 akawapigia Kiindonesia, akataja bakso na umati ukapasuka kwa shangwe. Sisi tukasema huyu ni wetu wa Kogelo, wao wakasema ni wao wa Menteng, mtaa wa Jakarta.

Chumvi Kiasi

@Boda wa Kisauni wote mko sawa, baba yake ni wenu na utoto wake kuanzia 1967 hadi 1971 aliupitisha Jakarta.

Halali: nchi nzima Waislamu ni kama asilimia 87, kwa hiyo Java na Sumatra sehemu kubwa unakula bila wasiwasi, na bidhaa za dukani tafuta alama ya halali. Bali ni Wahindu wengi, huko *babi guling*, nguruwe mzima wa kuzungushwa motoni, ndiyo sifa yao. Neno la kukariri ni *babi*. Ukiliona kwenye kibao, pita. Na kuna mtego ambao wageni hawaujui: kwenye vibanda vya Wabatak, kaskazini mwa Sumatra na hata Jakarta, utaona kibao kimeandikwa B1 au B2. Siyo namba za vyumba. B2 ni *babi*, kwa kuwa neno lina b mbili. B1 ni *biang*, b moja, na huyo ni mbwa.

Ila Bali usiikimbie. Tafuta *ayam betutu*, kuku mzima aliyejazwa viungo, akafungwa kwa majani na kupikwa polepole hadi mfupa unachomoka wenyewe. Na *sambal matah*: haipikwi, ni vitunguu vidogo, mchaichai na pilipili vimekatwa nyembamba vikamiminiwa mafuta ya moto. Ni kama kachumbari iliyokwenda shule. Vibanda vya Waislamu viko vingi, uliza tu.

Bi Harusi wa Julai

Mimi nilikwenda Bali fungate. Siku tatu za kwanza tulikula kwenye mgahawa mmoja wa watalii, bei ya kuumiza, "chakula cha asili" chenyewe kimepoa na hakina hata pilipili. Nikawa najiambia Waindonesia hawajui kupika. Siku ya nne dereva aliyekuwa anatutembeza akaona tumenuna, akatupeleka anakokula yeye. Kibanda cha mabati. Sahani moja, wali katikati, halafu mama anaokoteza hiki na hiki na hiki kuuzunguka: maharage mabichi na nazi ya kukuna, samaki, tempe ya soya, karanga. *Nasi campur*, wali wa mchanganyiko. Tukala hapo siku zote zilizobaki, mume wangu akawa anaitwa "Mas", yaani kaka, na kila mtu.

Chumvi Kiasi

@Bi Harusi wa Julai huyo dereva Mungu amzidishie. Kanuni ya kule ni hiyohiyo ya hapa kwetu: panapokula madereva na mafundi ndipo penye chakula. Kwenye Java sehemu hizo zinaitwa *warteg*, kifupi cha warung wa Tegal, maana wenyeji wa mji wa Tegal ndio walioieneza biashara hiyo. Vyakula vimepangwa nyuma ya kioo, unaonyesha kwa kidole, hata usipojua jina hata moja utashiba.

Kungumanga

Nawasalimu kutoka Pemba. Mleta uzi amesahau jambo kubwa. Hao Waindonesia karafuu si walitoa kwetu? Na doriani wanajidai ni lao, na shokishoki, wakati sisi tunayo hapa mashambani toka babu zetu. Msitupotoshe.

Chumvi Kiasi

@Kungumanga hapana sheikh, hapo umeishika njia kinyume. Karafuu asili yake ni Maluku, visiwa vya Ternate na Tidore na jirani zao, mashariki ya Indonesia. Kungumanga, jina lako hilohilo, asili yake ni visiwa vya Banda. Wadachi na Waingereza waliuana kwa ajili ya hizo mbegu, na mwaka 1667 kwenye mkataba wa Breda kila upande ukabaki na ulichoshika: Wadachi kisiwa kidogo cha Run chenye kungumanga, Waingereza Manhattan. Karafuu zilifika Unguja na Pemba karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa kule Bahari ya Hindi.

Lakini una nusu ya haki. Zilipostawi kwenu, Indonesia yenyewe ikawa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kabla haijapanda za kutosha. Na wala si za pilau. Ni za *kretek*, sigara zao zenye karafuu, inapowaka inapasuka tret-tret-tret. Jikoni karafuu wanaitumia kwa mkono mdogo kuliko sisi.

Doriani, naam, ni lile lenu. Na kule pia hoteli nyingi zina kibao cha kukataza usiingie nalo. Shokishoki wanaita *rambutan*. Birimbi nayo wanayo, *belimbing wuluh*. Watu wa Aceh wanaitia chumvi na kuianika hadi inakuwa nyeusi na kunywea, wanaiita *asam sunti*, ndiyo inayotia uchachu kwenye mchuzi wao wa samaki. Bibi yako Pemba akiiona ataitambua.

Kungumanga

Hapo kwenye birimbi umenimaliza. Nimekubali yaishe.

Mama Tui

Nimesoma kimyakimya. Mwanangu @Chumvi Kiasi, niambie rendang. Nimepika mara mbili kwa kufuata video, familia wamesema ni mchuzi wa nyama wa kawaida tu. Nakosea wapi?

Chumvi Kiasi

Shikamoo mama. Umekosea kwa kuipakua mapema. Rendang si mchuzi.

Rendang ni ya Waminangkabau, watu wa Sumatra Magharibi, mji wao mkuu ni Padang. Sufuria moja linapita hatua tatu na kila hatua ina jina lake. Mwanzoni, tui likiwa jingi, inaitwa *gulai*, na huo ndio mchuzi uliokula wewe. Ukiacha iendelee tui linazidi kuwa zito, rangi inakuwa ya kahawia, hiyo ni *kalio*. Migahawa mingi ya nje wanaishia hapo na kukuuzia kama rendang. Ukiwa na subira, tui linakatika, mafuta ya nazi yanajitenga, na sasa nyama haichemki tena, inakaangika kwenye mafuta ya tui lake lenyewe. Inakuwa nyeusi-kahawia, kavu, imevaa viungo kama koti. Hiyo ndiyo rendang. Kwa kilo moja na nusu ya nyama jipange saa nne, usiwe na haraka.

Namna ya kufanya na vilivyopo sokoni kwetu: nyama ya paja isiyo na mafuta, vipande vikubwa maana vitasinyaa. Usiikaange kwanza, hilo ni kosa la pili la wengi. Saga vitunguu vidogo vingi, vitunguu saumu, tangawizi, manjano mabichi, pilipili nyekundu za kutosha. Kule wanatia pia *lengkuas*, ndugu yake tangawizi, ukiipata kwa wauza viungo tia. Mchaichai uliopondwa, majani ya mndimu. Tui zito la nazi tatu, na jepesi lake. Kila kitu kwenye karai pana, moto wa wastani, usifunike. Likianza kuwa zito punguza moto, na kuanzia hapo usiondoke jikoni, koroga usishike chini. Chumvi tia mwishoni, maana ikikauka inajikusanya.

Sababu ya kuikausha hivyo si mbwembwe. Waminang wana desturi ya *merantau*, kijana kuondoka kwao kwenda kutafuta maisha, na rendang iliyokauka vizuri inakaa wiki kadhaa bila friji. Ilikuwa chakula cha safari. Mwaka 2018 jaji wa shindano la upishi la televisheni Uingereza alimlaumu mshiriki kwamba ngozi ya kuku wake wa rendang si kavu ya kuvunjika. Malaysia na Indonesia, ambao kila siku wanagombana rendang ni ya nani, siku hiyo walikuwa kitu kimoja dhidi ya jaji.

Mama Tui

Marahaba. Saa nne! Gesi ya siku hizi nani ataiweza. Nitatumia mkaa.

Chumvi Kiasi

Mkaa ndio wenyewe, mama. Wapishi wa vijijini kule wanatumia kuni.

Nimalizie Padang hapohapo, maana mgahawa wa Padang utaukuta kila mji, na mgeni anaweza kupata presha. Unakaa, hujasema neno, mhudumu anakuja kabeba sahani kumi na zaidi zimepandana kwenye mkono mmoja, anazimwaga zote mezani. Usikurupuke kusema "sijaagiza". Ulichogusa ndicho unacholipa, usichogusa kinarudi. Kuna rendang, nyama nyembamba ya pilipili (*dendeng balado*), ubongo, na *gulai tunjang* ambayo ni makongoro hasa. Na kuna *daun singkong*, majani ya muhogo. Kisamvu jamani! Ila wao hawakitwangi, wanakichemsha majani mazima, unachovya kwenye sambal ya kijani. Mtu wa Mtwara atakosoa, lakini atakula.

Wanakula kwa mkono, mkono wa kulia. Bakuli la maji lenye kipande cha ndimu ni la kunawa. Mwenzetu mmoja chuoni alilinywa lote akasema supu yao nyepesi mno.

Mla Daku

😂😂😂 "supu yao nyepesi mno"

Ngosha wa Ziwa

Wali, wali, wali. Sisi wa ugali tukafie wapi?

Chumvi Kiasi

@Ngosha wa Ziwa nenda mashariki, Maluku na Papua. Huko chakula ni *papeda*, inatokana na unga wa sago, yaani wanga unaokamuliwa kwenye shina la mti wa jamii ya mitende. Unamiminiwa maji ya moto na kukorogwa hadi unakuwa kitu kizito, kinang'aa, kinanata kama gundi. Hukichoti kwa mkono, unakisokota kwa vijiti viwili kama unavyosokota asali, unakitua kwenye mchuzi wa njano wa samaki, unavuta. Hakitafunwi, kinateleza chenyewe. Chenyewe hakina ladha yoyote, kama ugali usio na mboga. Nitakuwa mkweli: sikufika Papua, nilikula kwa mwanafunzi mwenzangu wa huko, na nilivuta kifungu kimoja kikawa kirefu hadi nikasimama.

Majani Tu

Mimi silagi nyama. Nitakufa njaa?

Chumvi Kiasi

Java hufi. Kuna tempe, na tempe ni ya kwao Wajava, si ya kuazima. Maharage ya soya yanachemshwa, yanachanganywa na hamira ya ukungu, yanafungwa kwenye jani la mgomba, baada ya siku mbili hivi yameshikana kuwa mche mweupe. Najua neno ukungu limekukimbiza. Ikikaangwa kwa chumvi na vitunguu saumu utasahau. Purwokerto wana *mendoan*, tempe nyembamba iliyochovywa uji wa unga na kukaangwa nusunusu, inabaki laini, unaila na pilipili nzima ya kijani mkononi.

Kuna pia *gado-gado*, mboga za kuchemsha, tofu, yai, vimemwagiwa mchuzi wa karanga. *Karedok* ya Wasunda, watu wa Java Magharibi, ni hiyohiyo lakini mboga mbichi. Angalizo: mchuzi wa karanga mara nyingi una terasi. Sema *tanpa terasi*, bila terasi, na wakuelewe kwamba uduvi nao ni nyama.

Boda wa Kisauni

Hujajibu bakso.

Chumvi Kiasi

Samahani. Bakso ni vibonge vya nyama ya kusaga kwenye supu yenye tambi. Usitegemee kababu. Nyama inasagwa hadi inakuwa kama uji, inachanganywa na wanga wa muhogo, kwa hiyo kibonge kinaruka kidogo ukikitafuna. Mji wa Malang, Java Mashariki, ndiko kwenye jina. Raha ya bakso ni mlio: muuzaji anapita mtaani na mkokoteni, anagonga bakuli kwa kijiko, ting ting ting, watu wanatoka na mabakuli yao. Ukikaa kule unajua saa kwa masikio. Wa wali wa kukaanga anagonga karai, tek tek, na hata chakula chake kinaitwa *nasi goreng tek-tek*. Wa *kue putu* hapigi chochote, mvuke unaotoka kwenye mianzi yake unapiga mluzi wenyewe. Ndani ni unga wa mchele na sukari guru, juu nazi ya kukuna.

Usiku wa mvua, huo mluzi. Basi tu.

Dokta Mtarajiwa

Na tumbo je? Nimesikia wageni wengi wanaharisha.

Chumvi Kiasi

Maji ya bomba usinywe, wenyeji wenyewe hawayanywi bila kuchemsha. Nunua chupa. Kwenye mkokoteni angalia foleni na angalia wanavyoosha vyombo. Ndoo moja ya maji machafu tangu jioni, ondoka. Supu inayochemka ni salama kuliko saladi iliyokaa. Na siku mbili za mwanzo tulia kwenye pilipili, wengi wanailaumu bakteria wakati ni sambal.

Kuna supu moja ambayo watu wanaiogopa bure: *rawon* ya Java Mashariki, nyama kwenye supu nyeusi tii kama oili chafu ya gari. Weusi ni wa mbegu za *keluak*. Mbichi zina sumu, sianidi, ileile ya muhogo mchungu. Ndiyo maana wanazichemsha na kuzifukia kwenye majivu siku kama arobaini kabla ya kuzipika. Mama zetu wanaoloweka muhogo mchungu watawaelewa mara moja. Zikifika sahanini sumu imeshatoka, na hiyo supu, wakuu, kama ningeruhusiwa chakula kimoja tu cha kule ningechagua hiyo, mbele ya rendang.

Mama Tui

Mbele ya rendang? Na mimi nimeshanunua nazi?

Chumvi Kiasi

Pika tu mama, keluak huku haipatikani.

Mjukuu wa Muscat

Nafuatilia kutoka Oman. Nyumba ya jirani yangu kuna dada wa Kiindonesia anayefanya kazi, Ramadhani alituletea *kolak*. Ndizi na viazi vitamu kwenye tui na sukari guru. Bibi yangu, aliyezaliwa Unguja, alipoonja akaanza kulia, akasema hii ndiyo futari ya kwao. Yule dada naye akalia, hawana lugha moja. Sasa kila Ijumaa wanakaa jikoni pamoja, mmoja anakuna nazi, mwingine anasema *santan, santan*, na bibi anajibu "tui, tui".

Mla Daku

Aah. Nani anakata vitunguu humu ndani?

Chumvi Kiasi

@Mjukuu wa Muscat muombe huyo dada amfundishe bibi *serabi*. Unga wa mchele na tui, vinaokwa kwenye vijungu vya udongo. Halafu urudi hapa utuambie bibi ameviita vitumbua au mkate wa kumimina, maana mimi na wenzangu wa Mombasa tulibishana miaka miwili na hatukumaliza.

Mjukuu wa Muscat

Nimemuuliza sasa hivi kwa maneno tu. Amesema niache maneno, nilete sahani.